Mtoto Aliyewanawisha Wageni

Kina mama, kaeni vizuri. Na ninyi baba zetu mliojibanza karibu na mlango kama watu wanaongoja mvua ikatike, sogeeni mbele. Nyumba ninayotaka kuwaambia ilikuwa na baba pia. Siku yenyewe alikuwa uani anapanga viti vya kuazima, akavipanga na kuvipangua mpaka kila kitu kikaisha.

Palikuwa na mama mmoja, katika mtaa ambao ungeweza kuwa huu wetu. Jina simpi. Nikimpa jina mtatoka hapa mkiulizana ni nani, na mfano wenyewe mtauacha umekaa kwenye benchi. Alikuwa mwanamke hodari wa nyumba. Sakafu yake ungemwaga wali ukaula. Vitambaa vya makochi alivifuma kwa mkono wake, akavitia wanga wa muhogo mpaka vikasimama vyenyewe. Watoto wake wawili, msichana wa darasa la pili na mdogo wake wa mgongoni, walijua kochi ni la nani. La wageni. Wao walikaa kwenye mkeka.

Na kulikuwa na sheria nyingine, ambayo sina haja ya kuieleza sana kwa sababu hata kwenu ipo. Mbele ya wageni mtoto hana njaa. Hana kiu, hana mkojo, haumwi kitu. Mgeni akimuuliza umekula, jibu ni nimeshiba, hata kama sufuria haijabandikwa. Akisahau, mama hampigi. Anamtazama tu. Mnalijua jicho hilo? Msicheke. Mnalijua sana, na wengine mmeshalitumia tangu tuingie humu ndani.

Basi zamu ya jumuiya ikafika kwake. Kwa wageni mlio hapa leo: kwetu waumini wa jirani wanasali nyumba kwa nyumba, juma hili kwako, juma lijalo kwa mwenzako, na aliyefikiwa huandaa chai. Tunaiita sala. Lakini semeni kweli, ni sala peke yake? Tunakagua pazia. Tunaangalia kikombe kipi kimevunjika mkono. Tukitoka nje tunasema, "Kwa fulani leo tumekunywa maji ya kuoshea sufuria." Mama yule alikuwa amemsikia mwenzake akisemwa hivyo, na waliomsema walikuwa hawajafika hata kwenye kona ya nyumba, makombo ya maandazi yake bado yamo midomoni. Akaapa moyoni kwamba yeye hawatampata.

Siku ikafika. Tangu alfajiri ni mbio. Kukanda unga, kuchoma maandazi, kukaanga karanga, kudeki mara ya pili kwa sababu kuku amepita. Binti naye mbio, mdogo wake yuko mgongoni, ndoo iko mkononi. Wageni nao wakaja mapema, kama kawaida ya watu wanaotaka kukukuta hujachana nywele. Mama akakimbilia chumbani kubadili nguo, huku nyuma akiacha agizo:

"Mlaze mdogo wako, kisha umimine chai kwenye chupa. Haraka!"

Chai ya maziwa, imetoka motoni sasa hivi inatokota. Sufuria ya kunyweshea jumuiya nzima, na mtoto wa darasa la pili. Niwaulize, ninyi mnaolea: ile sufuria ingebebwa na nani kati yenu bila kuita mtu? Mtoto akaishika kwa kitambaa, akaiinua, ikamzidi. Chai ikamshukia pajani mpaka gotini, kifuniko kikalia sakafuni.

Hakupiga kelele. Sebuleni watu walikuwa wameshaingia.

"Nini hicho?" mama akanong'ona nyuma ya pazia.

"Kifuniko, mama."

"Kifuniko tu?"

"Kifuniko tu."

"Usinitie aibu leo. Vaa gauni lako la Krismasi uje unawishe watu mikono."

Alidanganya, ndiyo. Wapo humu wanaopenda kusema watoto wa siku hizi ni waongo. Haya, huyu alijifunzia wapi? Akaongeza maji kwenye chai iliyobaki ili itoshe. Akajipaka dawa ya meno palipoungua, maana ndivyo alivyowaona watu wazima wakifanya. Juu ya hayo akavaa gauni la Krismasi, lile la kitambaa kinachong'aa kisichopitisha hewa. Akachukua jagi na beseni.

Na mnajua mtoto wa kike anavyonawisha wageni kwetu. Kwa magoti. Anapiga goti kwa huyu, anamimina, anainuka. Anapiga goti kwa yule. Sebule ilikuwa imejaa, wengine wamekalia mikono ya makochi. Kila aliponyoosha mguu ngozi ilivutika, kila alipoukunja ikabaki kwenye gauni. Goti, inuka. Goti, inuka.

Bibi mmoja mcheshi akapiga kofi. "Nyie! Mnamwona huyu anavyopiga goti? Mkwe wangu huyo! Mama mwenye nyumba, usimpe mtu mwingine, ng'ombe wangu wako njiani."

"Bibi wee, mtoto meno ya mbele hayajarudi bado!"

"Nitangoja! Kwani nina safari?"

Wakacheka. Jirani mwingine akamshika mtoto kidevu. "Mbona macho mekundu, mwanangu?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akamrudishia lile jicho, kisha akatabasamu. "Vitunguu vya kachumbari hivyo, dada. Ananisaidia tangu asubuhi."

"Heri yako! Wangu ndiyo umri huohuo, ukimtuma kijiko anakuletea sababu."

Na mwingine akainama kunawa, akanusa. "Jamani, ananukia dawa ya meno! Kapiga mswaki kwa ajili ya jumuiya! Wangu mpaka nimkimbize na mwiko."

Kicheko kikazunguka tena sebule nzima, na mtoto naye akatabasamu, kwa sababu wageni wakicheka unatabasamu. Kisha wakasali. Sala ilikuwa ndefu, ya kupiga magoti, na mtoto akapiga magoti kama wengine. Kiongozi akawaombea wagonjwa wote wa mtaa, mmoja mmoja kwa jina, hata yule mzee mlevi wa gongo aliyevunjika kiuno. Mtoto akaitikia amina.

Chai ikanywewa. Hakuna aliyesema ni nyepesi. Wakati wa kuagana wakamshika mama mikono yote miwili, wakamwambia, "Wewe umelea. Watoto ndio hawa." Na msimnyime ile furaha, maana tangu harusi yake hakuna aliyewahi kumsifu kwa jambo lolote. Aliosha vyombo akiimba. Binti akaomba alale na gauni lake la Krismasi. Siku nyingine angefokewa. Siku ile mama akasema, "Lala nalo, umelistahili."

Asubuhi mtoto ana homa. Kichwa, akasema. Mama akampa vidonge vya maumivu, akajua ni malaria, maana kwetu homa ni malaria mpaka ikatae. Haikutulia. Shule hakwenda siku ile, wala ile iliyofuata. Gauni akakataa kulivua, akisema anasikia baridi. Harufu ndiyo iliyomwambia mama. Alipoinua blanketi na kushika pindo la gauni, pindo halikuja.

Akambeba mgongoni mpaka zahanati, na zahanati ikawapeleka hospitali. Muuguzi alikata lile gauni kwa mkasi, kipande kwa kipande, mtoto akiuma kona ya shuka.

"Mama, hiki kidonda ni cha lini?"

Mama akahesabu siku kwa vidole, mpaka kwenye ile ya sala.

Muuguzi akamgeukia mtoto. "Kwa nini hukumwambia mama yako?"

"Kulikuwa na wageni."

"Na wageni walipoondoka?"

"Mama alikuwa amefurahi."

Jumuiya ikaenda kumtazama wodini. Si walikuwa watu wema? Walibeba machungwa, walibeba uji kwenye chupa. Wakazunguka kitanda.

"Pole, mwanetu. Unaendeleaje?"

"Sijambo. Shikamooni."

"Marahaba! Mnaona? Hata chozi hana. Mtoto jasiri huyu!"

Yule bibi wa ng'ombe akajaribu kutania, akaishia kumenya chungwa. Walipotoka kwenye korido wakaambiana anaendelea vizuri, kwa maana mwenyewe kasema hajambo.

Mama akabaki. Akamwinamia mtoto wake, akamwambia, "Mwanangu, wameondoka. Lia. Lia sasa, sitakufanya kitu."

Mtoto akazungusha macho polepole wodini. "Mama," akasema, "yule wa kitanda cha pili hatumjui."

Zamu ya jumuiya ilikuwa haijazunguka nyumba nyingi mtoto alipokufa. Siku ya msiba makochi yalitolewa nje, watu wakakaa kwenye mikeka, na kila aliyeingia alimpa mama mkono akasema neno lilelile, na akalisema kama sifa: "Alikuwa mtoto mtulivu sana."

Najua mnachofikiri sasa. Nawaona. Mnamhukumu mama. Mnasema, mimi nisingekosa kujua, mimi ni mzazi, ningeona. Haya, mhukumuni, yeye ameshajihukumu na hahitaji msaada wenu. Ila mimi mfano huu sikuuleta kwa ajili ya mama.

Nimeuleta kwa ajili ya wageni.

Lile jicho mama alilitoa kwa hofu ya nani? Ile sakafu ilidekiwa mara ya pili kwa ajili ya miguu ya nani? Yupo aliyemshika kidevu akaona macho. Yupo aliyenusa. Bibi yule aliyatazama magoti yale kwa karibu, akayatangazia posa. Watu wazima, waumini, wenye watoto wao, na walichokiona kwa macho yao wakakifanya mzaha, kwa sababu mtoto anayeumia kimya anapendeza kuliko mtoto anayelia. Hakuna hata mmoja aliyemwinua. Hakuna aliyesema, mpeni mtu mzima lile beseni, mtoto akapumzike. Walimsifu mpaka akaoza.

Na wageni wale ni sisi. Tusitafute wengine. Ni sisi tunaoingia nyumba za watu tukawa mahakimu wa chai. Ni sisi tunaomwambia mama mchanga, "Mbona wako wanapiga kelele hivyo?" na yeye akirudi ndani anawanyamazisha kwa mkono. Tunapenda kanisa lenye watoto kimya. Tunapenda mke kimya, mjane kimya, mgonjwa anayesema namshukuru Mungu huku anaoza chini ya shuka. Tukiuliza hujambo, tunataka jibu moja tu, na kila mtu humu amejifunza kulitoa. Halafu akifa tunakuja kulia na kusema, alikuwa mtulivu, hakutuambia.

Angetuambiaje? Tulimpa nafasi wapi?

Mnadhani Mungu anaingia nyumbani kwa mtu kama tunavyoingia sisi, akitazama vitambaa? Mimi nadhani anapita sebule bila kukaa, anakwenda moja kwa moja jikoni, anamuuliza yule mwenye sufuria. Na siku atakapotuuliza sisi, hatauliza chai ilikuwaje. Atauliza, ulimshika kidevu, ukaona nini?

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna jambo. Kuna mtoto anayelia tangu niliposema habari za hospitali, na kuna mama aliyemfunika kanga mpaka usoni, anamfinya paja chini yake akidhani siwaoni. Wewe, mama wa safu ya tatu. Usigeuke nyuma, nyuma hakuna mtu. Mwachie. Mwondolee hiyo kanga usoni. Na ninyi mlio kando yake, mlioanza kumkunjia uso, sogeeni, mpeni mama nafasi.

Hatuimbi kwanza. Mwacheni mtoto alie mpaka aseme anaumwa wapi.