Kaburi la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, mimi nikiwa bado sijachoka hivi, Bi Pimbi aliishi chini ya jabali moja kubwa. Pimbi ni yule mnyama mdogo wa majabalini, kimo cha sungura, mkia hana. Msiniulize zaidi.

Alikuwa na watoto watatu na ndoo moja. Kila alfajiri alishuka kisimani, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Huko desturi ilikuwa wakubwa hunywa kwanza. Tembo na Kifaru wakinywa, wakioga, wakijigaragaza, na wadogo wakabakiziwa tope. Mwaka ule tope lile lilimtia ugonjwa kitindamimba wake nusura afe. Bi Pimbi akajua kiangazi kijacho hatakivuka na wote watatu.

Lakini kila mvua iliponyesha, aliona maji yakiteremka jabalini, churururu, yakipotelea mchangani mbele ya mlango wake. Lau angekuwa na shimo! Ila pimbi na kuchimba wapi na wapi.

Basi akajilaza mkekani, akatuma habari kwamba anakufa. Wakubwa wakaja, maana nchi ile, hata awe adui yako, kumchimbia mtu kaburi hukatai.

"Unaumwa nini?" akauliza Tembo.

"Kuchoka, mzee wangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Na hapo hakusema uongo hata kidogo.

Akaomba achimbiwe angali hai, palepale chini ya jabali, alione kaburi lake kwa macho. Kifaru akaguna kwamba kiumbe kama yule anatoshwa na shimo la kiazi. Bi Pimbi akakubali kwa unyonge, ila akasema amesikia wanyama wakinong'ona kuwa wakubwa wa siku hizi hawana tena nguvu za kuchimba.

Kifaru hakungoja amalize. Chaka, chaka, pembe ikala ardhi, mpaka shimo likammeza yeye mwenyewe.

"Moja tu limebaki, baba zangu," akasema Bi Pimbi. "Maisha yangu yote nimeyamaliza kwenye tope. Nikifa, tone la maji lisiniingie."

Tembo akamwonea huruma. Akaleta udongo wa mfinyanzi, akakandika kuta, akakanyaga chini, tindi, tindi, hata ukucha usipenye. Hakuwaza kwamba pasipoingia maji, hata kutoka hayatoki.

Wakaenda zao kungoja kilio. Kilio hakikuja, na kaburi tupu halifukiwi, ni mkosi. Bi Pimbi akainuka na wanawe, wakapanga vijiwe na udongo juu ya jabali, vikaelekeza maji shimoni. Mvua ikajaza. Akafunika kwa mawe bapa, jua lisiyanywe.

Kiangazi kikaja, kisima kikakauka. Wakubwa wakapanda jabalini wakiburura miguu.

"Hujafa tu?" akauliza Tembo, koo limemkauka.

"Bado, mzee wangu. Nilipopata pa kupumzikia, nikapona."

Akafunua jiwe moja. Kifaru alipoyaona maji, akapiga hatua mbele.

"Kwangu wadogo hunywa kwanza," akasema Bi Pimbi taratibu. "Na hakuna kuoga."

Wakalitazama shimo walilolichimba wenyewe. Kisha wakapanga foleni, nyuma ya panya.

Yangu yameishia hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: mvua ikija mlangoni kwako, ipe pa kukaa, usije ukaifuata bondeni.