Taa ya Revati

Nyamazeni basi! Anayetaka kuchokoachokoa moto aende akauchokoe kwao.

Palikuwa na mji wa Wahindu, na zimwi lililokuja kila jioni kula watu. Lilichoogopa ni kimoja tu: mwali wa taa uliopita kichwa chake kwa urefu. Revati, binti wa mfinyanzi, akaapa kujifunza mantra, maneno matakatifu ya kuukuza mwali huo.

Guru wa kwanza, yaani mwalimu, alimfundisha mpaka mwali wa Revati ukaupita wake. Guru akaupuliza wa Revati ukazimika, puu! "Unashindana na mimi, wewe?"

Guru wa pili alimfundisha. Mwali ulipoupita wake, puu! "Huna adabu!"

Na huku watu wanaliwa, jamani. Inakera!

Revati akaenda kwa guru wa tatu, mjane aitwaye Kamala. Akamgusa miguu kwa heshima, akasema kwa uchungu, "Guruji, kama na wewe utanizimia taa, niambie sasa hivi nirudi nyumbani."

Kamala akamfundisha tu. Mwali wa Revati ukaupita wake, ukagusa dari. Revati akafumba macho, akangoja. Puu!

Alipofumbua, taa iliyozimika ilikuwa ya Kamala.

"Siku zote niliomba mwanafunzi wangu anishinde," Kamala akasema. "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Akahamia kwenye mkeka wa mwanafunzi.

Jioni ile Revati akaukuza mwali mjini mpaka ukapita kichwa cha zimwi; zimwi likakimbia, lisirudi tena.

Na wale walimu wawili? Wapo, wanajisifu kwamba Revati walimfundisha wao. Haya, kalaleni.