Siku ya Jembe ya Mzee Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Haya, mlioitikia kwa sauti na mlioitikia moyoni, tulieni nyote.

Hapo zamani za kale, asubuhi ya mvua ya kwanza, wawindaji walifika shambani kwa Mzee Nyegere. Alikuwapo Simba, jina lake Mgaya. Alikuwapo Chui, jina lake Sefu. Alikuwapo Fisi, jina lake Kibwana, na ndiye aliyewaita wenzake. Kila mmoja alikuwa na jembe begani. Mwenye shamba hakuonekana.

Mzee Nyegere aliijua nchi ile yote, visima vyake na mapito ya swala. Miaka na miaka alitangulia, wawindaji wakamfuata. Kwa desturi yao, moyo wa mnyama ni wa aliyeonyesha njia. Yeye aliukataa.

"Moyo kuleni ninyi, wajukuu zangu. Mimi nileteeni siku moja ya jembe, mvua ya kwanza ikinyesha."

"Tumekubali, babu."

Mwaka ule mvua ya kwanza ikanyesha, chwaa, chwaa. Lakini siku hiyo ndiyo swala hushuka bondeni. Wawindaji wakaja na mikuki.

"Babu, jembe kesho. Leo tuongoze."

Akatangulia. Aliporudi, udongo umekauka, ko, ko, ko. Akalima peke yake kwa kucha.

Mwaka wa pili, mvua ikanyesha. "Babu, jembe kesho." Akatangulia. Mwaka wa tatu, vivyo hivyo. Na mingine mingi.

Mwaka mmoja kabla ya asubuhi hii ya majembe, Fisi alimkuta amekaa chini, kucha zimekwisha.

"Babu, shamba lote hili, matuta mawili tu?"

"Yanatosha. Mbegu nyingine tumezila."

Fisi alicheka. Fisi hucheka, ndivyo alivyo. Lakini kicheko kile kilimkaa kooni mwaka mzima, hakimezeki, hakitemeki.

Sasa akainua jembe.

"Kibwana," Chui akasema, "hilo jembe umelishika kama mfupa."

"Niache, Sefu. Leo nalima."

Wakalima. Ngwa, ngwa, ngwa. Swala wakapita bondeni, Simba akageuza uso. Ngwa, ngwa, ngwa. Adhuhuri shamba lote lilikuwa matuta.

Bibi Nyegere akatoka shimoni polepole.

"Shikamoo, bibi," Fisi akasema. "Mwambie babu atoke aone. Swala wamepita, hatukwenda."

Bibi aliyatazama matuta, moja moja, mpaka la mwisho.

"Marahaba. Mmelima vizuri," akasema. "Angependa kuyaona."

Fisi akaliweka jembe chini. Hakucheka.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: aliyekutangulia njiani mlipe siku aliyoitaja yeye, usingoje siku itakayokufaa wewe.

Hadithi yangu naitua hapa. Mzee Nyegere, jina lake Lugendo, alikuwa amekufa siku tano kabla ya mvua.