Kuku Aliyekunywa Maji Kwenye Jiwe la Kunolea

Isome hii taratibu, kisha mpelekee yule jamaa yako ambaye kazi ikimharibikia hulaumu kila kitu. Unamjua.

Katika mji mmoja wenye mfalme aliishi mnoa visu aliyeitwa Shaweji. Baba yake alikuwa mnoaji wa ikulu, na alipofariki alimwachia mwanawe nafasi yake langoni pamoja na jiwe lake la kunolea. Shaweji alilipenda jiwe lile kupita kiasi. Kila jioni alilifunga kwa kitambaa safi, na alimkataza kila mtu kuligusa.

Miaka kumi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha malalamiko yakaanza. Wapishi walisema visu vinaponda nyanya badala ya kuzikata. Shaweji akalaumu chuma. Wachinjaji nao wakanung'unika, akalaumu maji ya kisima. Msellem, kinyozi wa mfalme, akarudisha wembe mara tatu kwa siku moja.

"Wembe wako haunyoi, unang'oa nywele," alisema Msellem.

"Labda mkono wako ndio mzito," alijibu Shaweji.

Maneno hayo yakamfikia mfalme. Akamwita Shaweji, akamwambia:

"Ijumaa mjukuu wangu anatimiza siku arobaini, naye atanyolewa kwa wembe utakaounoa wewe. Akikwaruzwa hata kidogo, nafasi yako langoni nampa mwingine."

Shaweji alirudi nyumbani na ule wembe. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake, Bi Mwanakheri, na hakujua nyingine. Siku mbili nzima alinoa mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini kila alipoujaribu wembe kwenye mkono wake, vinyweleo vilibaki vimesimama palepale, kama vinamcheka.

Alhamisi asubuhi aliliacha jiwe uani, limelowa maji, akaingia ndani kutafuta kitambaa. Alipotoka alimkuta kuku wa mama yake anakunywa maji juu ya lile jiwe. Anakunywa kwa raha zake, anainua kichwa, anarudia.

"Shii! Toka hapo!" Shaweji alipiga kelele.

Bi Mwanakheri, aliyekuwa akisaga uwele pembeni, alicheka mpaka akaacha kusaga.

"Unamfukuzia nini, mwanangu? Umemwekea bakuli, naye amekunywa."

Shaweji akainama, akatazama. Kweli, maji yalikuwa yametuama katikati. Miaka yote ile ya kunoa ilikuwa imelimega jiwe, na wembe haukuwa tena na mahali pa kulala sawasawa.

"Baba yako alikuwa akilisugua kwa mchanga kila mwezi mpaka linanyooka," alisema mama. "Mchanga nikimletea mimi, alfajiri, wewe umelala."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwaka juzi. Ukanijibu, 'Mama, wewe saga unga wako.' Basi nikasaga."

Shaweji aliona aibu, kisha akashindwa kujizuia, naye akacheka. Akaliweka jiwe la baba yake juu ya mwamba ulio bapa na kuanza kulisugua, mama akimwagia mchanga na maji. Mwanzoni aliona kama anamkosea marehemu. Kufikia alasiri jiwe lilikuwa limenyooka, na maji yakimwagwa juu yake yanateleza yote. Akaupitisha wembe mara chache tu. Safari hii vinyweleo vya mkono wake vilianguka vyenyewe.

Ijumaa Msellem alimnyoa mtoto akiwa usingizini, na mtoto hakufumbua hata jicho. Mfalme akapapasa kile kichwa kidogo, asione mkwaruzo.

"Umeleta wembe mpya?" akamuuliza Shaweji.

"Hapana, mtukufu. Ni uleule."

"Umebadilisha maji?"

"Ni ya kisima kilekile."

"Sasa umefanya nini?"

"Mtukufu, miaka yote hii nimenoa visu vya mji mzima. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza kulinoa jiwe."

Mfalme alicheka, akamwachia nafasi yake langoni. Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi, Shaweji humwomba mama yake mchanga kwa adabu zote. Na yule kuku alinunuliwa bakuli lake mwenyewe.

Funzo: Kabla hujalaumu visu vya watu, likague jiwe lako, na aliye karibu nawe akikuambia limebonyea, msikilize kabla kuku hajakuonyesha.