Kamba Isiyokatwa

Wahenga hawakusema kwamba wema hulipwa kesho, wala kwamba aliyetendewa ana deni. Walisema tu kwamba wema hauozi. Ndizi huoza, samaki huoza, hata mbao za mtumbwi huoza zikikaa sana majini; lakini jambo jema hukaa mahali pake likimngoja aliyelitenda. Aliyelijua hilo vizuri ni Cirimwami, nahodha wa kanoti, boti ya mwendo kasi, katika Ziwa Kivu.

Cirimwami alitoka upande wa Bukavu, lakini makao yake yalikuwa Goma. Kanoti yake haikuwa na pangaboi nje kama nyingine. Moteri yake ilinyonya maji kupitia vyuma vya chujio chini ya tumbo, ikayatema nyuma kwa kishindo, nayo kanoti ikatimka kama swala aliyeona chui. Kasoro yake ilikuwa ulafi. Majani, mifuko, kamba, chochote kilichoelea karibu ilikimeza.

Asubuhi moja ilimeza kamba ya wavu wa mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hilo. Desturi ya manahodha ilijulikana: kata kamba, washa moteri, nenda zako, wavu ukizama ni shauri la mwenyewe. Cirimwami alizima moteri, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Kisha akafungua kifuniko cha nyuma, akaanza kuizungusha ile kamba kinyume cha ilivyojiviringisha, mzunguko baada ya mzunguko.

"Papa, hicho kisu cha kiunoni ni cha kumenyea viazi?" abiria mmoja alimtania.

"Kisu ninacho. Wavu wa kumrudishia mwenzangu ndio sina," alijibu bila kuinua kichwa.

"Basi leo tumepata nahodha! Papa Fundo!"

Kanoti nzima ikaangua kicheko. Jina hilo likamganda kama kupe, hata bandarini wakamwita hivyo. Lakini mvuvi, mwanamume mwembamba aitwaye Bahizire, aliipokea kamba yake nzima, akaipapasa kama asiyeamini macho yake.

"Wenzako wamenizamishia nyavu ngapi!" alisema. "Mungu akuone, Papa."

Wakaachana, kila mmoja akashika njia yake.

Haukupita muda vita vikaifunga barabara ya Sake, iendayo Goma. Watu wa Minova waliotaka kukimbilia Goma wakabaki na njia ya ziwa tu. Cirimwami akawa anakwenda kuwachukua. Alasiri moja, mizinga ikinguruma milimani, kanoti ilijaa hadi pomoni. Miongoni mwa wakimbizi alikuwemo Mama Kasoki, mfanyabiashara wa Butembo aliyezoea malori tangu usichana wake. Alipoona magodoro ya watu yanateleza, aliyafunga nyuma kwa kamba yake ya nailoni, yakakazika kama ngozi ya ngoma. Kisha, kama ilivyo kwenye malori ya kwao, akauacha mkia wa kamba uning'inie nyuma, ili anayedandia apate pa kushika. Hakuna aliyemkosoa, lilikuwa fundo la fundi.

Walipofika katikati ya maji, mkia ule ukatumbukia ziwani. Moteri ikakoroma, ikakohoa, ikanyamaza.

Cirimwami alifungua kifuniko, akachungulia. Nailoni ilikuwa imeyeyuka kwa joto na kuushika mhimili kama jiwe. Haikufunguka kwa vidole. Alijitosa na kisu ili aikate kwa chini, lakini mawimbi yakaipigiza kanoti kichwani mwake. Akaibuka damu ikimtiririka usoni. Na upepo ulikuwa unavuma kutoka Goma. Taratibu uliwasukuma kuelekea ufuko uleule walioukimbia.

"Tunarudi kule!" mtu alipiga kelele.

Mama Kasoki alijishika kichwa. "Ni kamba yangu. Papa, nimeua watu."

"Haujaua mutu, Mama. Shika kasia."

Walipiga makasia hadi mikono ikafa ganzi, ufuko ukazidi kukaribia. Ndipo ikatokea mitumbwi mitatu ya wavuvi iliyounganishwa kwa miti mirefu, wapiga kasia wakiimba ili wapate mwendo mmoja. Nao walikuwa wanakimbia. Walipoiona kanoti, wimbo ukakatika.

"Leo ndiyo munatukumbuka?" mmoja alifoka. "Mukate kamba, si mumezoea!"

Wakaanza kupinda kwenda mbali. Abiria mmoja, mwanamke aliyelijua jina lile la bandarini, akalia, "Papa Fundo, waambie! Waambie basi!"

Mtu mwembamba akasimama ghafla kwenye mtumbwi wa mbele. Alikuwa Bahizire.

"Nani? Papa Fundo? Geuzeni!"

"Una wazimu? Vita viko nyuma yetu!"

"Watoto wangu wanakula kwa wavu ambao huyu alikataa kuukata. Geuzeni, ama niogelee!"

Wakageuza. Wakaifunga kanoti kwa mbele, wakaivuta kuukabili upepo, wimbo ukarudi, nayo ikatulia kama mbuzi aliyeshikwa pembe. Bahizire akazama na kisu, Cirimwami akavuta kwa juu. Kikatoka kipande cheusi kigumu, kama ukoko wa ugali uliosahaulika jikoni. Ufunguo ukazungushwa. Moteri ikaguta, na watu wakaguta pamoja nayo.

Safari ya kurudi, kanoti ndiyo iliyoivuta mitumbwi. Mama Kasoki alikaa nyuma, kamba ya kuvutia mikononi, hakuiacha ilegee hata kidogo mpaka Goma. Walipotia nanga, aliviringisha nailoni yake iliyosalia na kumkabidhi Bahizire.

"Ya wavu wako, ndugu yangu."

Cirimwami naye alikuja kushukuru. Alimshika mvuvi mkono, akashindwa kuuachia.

"Asante ya nini, Papa Fundo?" Bahizire alicheka, maji yakimchuruzika ndevuni. "Kamba iliyokuvuta leo ni ileile uliyoifungua siku ile."

Ndizi huoza, samaki huoza, mbao za mtumbwi nazo huoza, wema hauozi.