Njiwa Chongo wa Lindi

Hadithi hii ni ya kweli tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Anayeisimulia, mzee mstaafu asiye na cha kuficha, ameapa kwa mvi zake: atakayemkamata na uongo, hata mdogo kama chawa, amchukue jogoo wake mwekundu. Wahenga walinena kwamba kipendacho moyo ni dawa. Maana yake, jambo ulipendalo, hata likionekana upuuzi machoni pa watu, laweza kukuponya siku ambayo waganga wote wamefunga milango. Basi sikilizeni yaliyompata Mulei.

Mulei, mzaliwa wa Machakos, alikuwa mpiga msasa katika karakana ya Mzee Kagiri, Kawangware 46, jijini Nairobi. Wenzake walichonga twiga wa mbao, yeye akawalainisha. Shingo, mgongo, miguu minne; shingo, mgongo, miguu minne. Twiga wa jana ndiye twiga wa leo. Kwa miaka kumi na mmoja alivuta vumbi la mbao mpaka akawa anaota shingo, na roho yake ikasinyaa kama nyanya iliyosahaulika juani.

Kilichomchangamsha ni njiwa. Aliwafuga juu ya paa la chumba chake cha kupanga, Lindi, kule Kibera, na kila asubuhi alibeba wawili kazini ndani ya kiondo. Mchana alimwachilia mmoja, jioni mwingine, kila mmoja na kikaratasi mguuni kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Njiwa hurudi kwao. Hivyo barua zilimfikia mkewe, Kalekye, aliyeshinda nyumbani na mtoto wao, Nzilani. Humo hamkuwa na neno la kweli hata siku moja. "Leo twiga amenimeza hadi kiunoni. Usiache ugali upoe." Kalekye alicheka hadi jirani yao, Omolo, akatoka nje kuuliza kuna nini.

"Hao ndege ni kitoweo kinachokupita juu ya kichwa," Kagiri alimtania Mulei. "Siku moja nitawaonja."

"Ukiwala, mzee, na twiga utawalainisha mwenyewe."

Jumapili ya tarehe thelathini Desemba, mwaka 2007, Kagiri aliwaita kazini kumaliza twiga walioagizwa. Nchi nzima ilikuwa roho mkononi ikingoja matokeo ya kura. Kabla ya kuondoka, Mulei alimwambia mkewe, "Mambo yakiharibika nishindwe kurudi, kesho umbebe Nzilani, mfike Kawangware saa sita. Kwa Kagiri kuna geti la chuma."

Mambo yakaharibika. Jioni matokeo yalipotangazwa, mayowe yalizuka pande zote na moshi ukafunika Kawangware. Giza likamkuta Mulei ndani ya geti, na ndani ya kiondo akiwa amebaki njiwa mmoja, jike aliyeitwa Chongo kwa sababu kunguru alimtoboa jicho.

Asubuhi alipanda juu ya nyumba ya Kagiri, akachungulia. Katika barabara iendayo Riruta, vijana wenye mapanga walikuwa wamepanga mawe na matairi yanayowaka. Kila apitaye aliulizwa kitambulisho, kisha jina, maana jina hutaja kabila. Mtu mmoja mwenye shati jeupe alijibu. Punde si punde shati halikuwa jeupe tena.

Hiyo ndiyo njia aliyomwagiza Kalekye apite.

Saa ilikuwa nne na nusu. Simu yao ilikuwa moja tu, nayo imo mfukoni mwake. Alimpigia Omolo: mteja hapatikani. Akapiga tena na tena hadi chaji ikaisha. Aliteremka ngazi mbio, Kagiri akamdaka shati.

"Unaenda wapi, wewe? Hao hawaulizi mara mbili!"

"Mke wangu anakuja kwa njia hiyo, mzee! Mimi ndiye niliyemwita!"

Kagiri alimwachia shati. Macho yake yakatua kwenye kiondo. "Hicho kitoweo chako," akasema polepole, "kitafika?"

Mulei aliandika: "Usije. Jifungieni ndani. Mimi mzima." Ndipo hofu nyingine ikamjia. Miaka yote amemwandikia uongo. Je, Kalekye akicheka tu, ajifunge mtoto mgongoni na kuondoka? Alitaka kuongeza kiapo, lakini hata viapo alikwisha kuvitania. Akauacha ujumbe ulivyo.

Chongo alizunguka mara mbili, akaingia kwenye moshi, asionekane tena.

Kwa siku tatu Mulei hakulala. Alishika msasa, akamlainisha twiga mmoja mfululizo hadi shingo ikakatika. Siku ya nne askari walipofungua barabara, alikwenda Lindi mbio bila kutazama nyuma. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Ndani kimya. Vibanda viwili vya jirani vilikuwa majivu.

"Kalekye!" Alitikisa kufuli.

Alipoinua macho alimwona Chongo juu ya paa, akijichokoa mbawa. Mguu wake ulikuwa mtupu. Uzi haujifungui wenyewe. Mulei akakaa chini kwenye matope.

"Inuka, mzee wa porojo!" Omolo alisema akifungua mlango wake, na Kalekye akatokea nyuma yake, Nzilani mgongoni. "Tumekaa kwake siku zote hizi," akasema. "Barua niliigeuza mbele na nyuma nikitafuta uongo. Nilipoukosa, nikajua kumeharibika."

Chongo, kwa taarifa yenu, alifika Lindi kwa dakika tano, na Kalekye akaisoma barua akiwa ameketi, akipuliza chai yake.

"Chai gani?"

Hiyo ni sauti ya Kalekye mwenyewe, ambaye amesomewa haya sasa hivi akichambua maharagwe. "Mulei, acha kujificha nyuma ya jina lako kama vile ni la mtu mwingine. Nilikuwa nimeshafunga kufuli na kufika kwenye mfereji wa maji wa mtaa. Ni Nzilani aliyesema 'ndege' akinivuta sikio, nikageuka nikamwona Chongo. Angenyamaza, leo ungemsomea nani?"

Msimulizi alikwenda bandani, akamleta jogoo mwekundu, akamweka mapajani mwa mshindi, kisha akarudi kwenye karatasi zake, maana bado ana hadithi tele na majogoo wawili.

Kweli, kipendacho moyo ni dawa.