Dalali wa Vichuguu

Paukwa!
Pakawa.
Paukwa kichuguu?
Pakawa mlango.
Paukwa mlango?
Pakawa jirani.
Haya, sogeeni, na aliye karibu na mlango aurudishie, maana upepo wa leo hauna adabu.

Hapo kale, enzi zile majirani bado wanaombana chumvi bila kuona haya, palikuwa na bonde lenye vichuguu vingi. Vilijengwa na mchwa. Mhanga, yule mchimbaji mwenye pua ndefu, alivitoboa mashimo akitafuta kitoweo, akashiba, akaenda zake, na mchwa waliobaki wakavihama. Mashimo yakabaki wazi, na aliyeyajua yote, la kina na la juujuu, alikuwa Nguchiro. Mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, mdomo haujui kupumzika. Nguchiro alikuwa dalali.

Ukitaka nyumba isiyoingia maji, unamwita Nguchiro. Ukitaka nyumba yenye jua la asubuhi, unamwita Nguchiro. Ukitaka nyumba mbali na mama mkwe, unamwita Nguchiro, naye hakuulizi kwa nini. Bibi Nungunungu alifika bondeni mjane, mvua inamnyeshea, wanawe wanamfuata nyuma kwa miguu, maana kwa mgongo ule hawabebeki. Nguchiro akampa nyumba kabla hajamaliza kusalimia. Ngiri alifika amegombana na ukoo wake mzima. Nguchiro akampa nyumba ya pembeni, akamwambia agombane na ukuta. Ujira wake ulikuwa sahani ya chakula, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Yeye mwenyewe hakuwa na nyumba. Alilala alipokula. Jioni akiwaona wenzake wanaingia kila mtu kwake, moyo ulimsononeka kidogo, kisha anapiga mluzi anaondoka.

Alikuwa na desturi moja aliyomfundisha kila mpangaji. "Nyumba mpya huingiwa kinyumenyume," alikuwa akisema. "Watazame majirani zako mpaka giza likufunike. Ukifanya hivyo hutawasahau." Nao walifanya. Ngiri anafanya mpaka leo, anatanguliza makalio, nyie nendeni mkamtazame.

Basi asubuhi moja nyasi zikalia: fyaa, fyaa, fyaa. Nguchiro kugeuka, Chatu huyu hapa, mnene, anang'aa, mkia wake bado uko kule alikotoka.

"Wewe ndiye dalali?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Nataka mtaa wote."

Nguchiro akamweleza kwa upole kwamba nyumba zote zina watu.

"Ndiyo maana nazitaka," akasema Chatu.

Akaendelea kusema, taratibu kama mtu anayeagiza chai, kwamba kesho Nguchiro atamwonyesha kila mlango, wa mbele na wa uani. Akikataa, atamzonga yeye kwanza, kisha ataitafuta milango mwenyewe. Nguchiro aliwakumbuka wale watoto wa Bibi Nungunungu, aliowaona tangu miiba yao ingali laini. Aliwapenda, na sasa aliogopa. Lakini dalali ni dalali. Akasema nyumba haikatazwi kutazamwa, mzee aje jua likichomoza.

Chatu alipoondoka, Nguchiro akapita mlango kwa mlango. Akawaambia wavushe watoto wote ng'ambo ya kijito, kisha warudi wapike, waache chakula mlangoni, nao wajifiche. Ngiri akachukia sana, akauliza tangu lini adui anapikiwa. Nguchiro akamjibu kwamba mgeni mtaani hupewa chakula kila mlango, ndivyo walivyompokea hata yeye na hasira zake, na desturi haibagui. Ngiri akanung'unika, akabandika sufuria.

Jua kuchomoza, fyaa, fyaa, fyaa. Mlango wa kwanza, sufuria ya kande. Gubi, Chatu akameza! "Wenyewe wako wapi?" "Wametoka, mzee." Mlango wa pili, viazi vitamu. Gubi! "Wenyewe wako wapi?" "Wametoka, mzee." Mlango wa Bibi Nungunungu, boga zima la kuchemsha. Mwingine angelikata. Chatu hakuwa na subira hiyo. Gubi! Boga likateremka, likakaa katikati ya tumbo, likatulia. "Wenyewe wako wapi?" "Wametoka, mzee."

Wakafika shimo la mwisho. Hilo Mhanga alilichimba ujanani, akagonga mwamba, akakata kona, akalifikisha mpaka chumbani kwa shida. Mlango mpana, kona nyembamba. Halikuwahi kupata mpangaji.

"Mzee," akasema Nguchiro, "hii sitakuficha. Nyumba ina kasoro. Kwenye kona inabana, na ndani hamna mtu. Ukitaka kuiona, ingia kinyumenyume kama wenyeji, ili ikikubana utoke."

Chatu akacheka mpaka boga likatikisika. "Madalali wote niliowajua husifia hata nyumba inayovuja. Wewe unaiponda. Humo ndimo mlimowaficha."

"Hamna mtu, mzee. Naapa."

"Nipishe."

Akatanguliza kichwa. Fyaa, fyaa, fyaa. Kichwa kikapita kona, shingo ikapita kona, boga likafika kwenye kona. Pu! Akasukuma, wapi. Akajaribu kurudi nyuma, magamba yakakwama kwenye udongo: kwaru, kwaru, kwaru. Nje ukabaki mkia, unapigapiga vumbi.

Majirani wakaja, mmoja mmoja, wakaupa mkia salamu. Bibi Nungunungu alikaribia zaidi kuliko wengine, na salamu yake ilichoma. Ngiri akataka wamwache humo humo afe. Nguchiro akasema maiti haikai mlangoni, itaharibu sifa ya mtaa, nani atapanga? Kwa hiyo wakamwapisha Chatu huko huko ndani kwamba hatatia mguu tena bondeni, akaapa, ingawa mguu hana. Ndipo wakaushika mkia wote kwa pamoja, wakavuta. Kwaru, kwaru, kwaru! Akatoka amechubuka mwili mzima, hakugeuka nyuma hata mara moja. Tangu siku hiyo chatu akifika kwenye shimo hutoa ulimi kwanza, anauliza.

Shimo likabaki tupu. Bibi Nungunungu akasema lile boga limeisugua kona, sasa panapitika, hasa kwa mtu mdogo. Akamtazama Nguchiro. Wote wakamtazama Nguchiro.

Yeye, msemaji wa bonde zima, akasogea mlangoni, akageuka, akaanza kurudi nyuma polepole. Akamwona Ngiri kanuna kama kawaida yake. Akawaona watoto wamerudi kutoka ng'ambo, wamelowa maji. Akamwona Bibi Nungunungu kashika sahani yake. Akawatazama mpaka giza likamfunika, na humo ndani, jamani, dalali akalia.

Hadithi yangu imeshapangishwa. Anayeitaka aihamie, mimi nafunga mlango.

Na funzo lake? Dalali akikutajia kasoro ya nyumba, usimsikilize, mwongo huyo. Tanguliza kichwa tu. Na majirani, wape mgongo.